Nguo Zilizoanikwa Kwenye Lori



Mwezi wa Julai 2024, katika mkutano wenu baada ya Misa ya Jumapili, lilizuka neno ambalo mimi, mlezi wenu, sikulijibu ipasavyo. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mwishoni mwa Juni mji wa Kanyabayonga ulikuwa umetekwa na wapiganaji wa M23, na watu walikuwa wakipanda kuelekea kaskazini, wengine kwa miguu, wengine juu ya malori ya viazi. Walipita Kayna na Kirumba, vita vikawafuata huko nako, hata wakafika Lubero na Butembo. Wengi walipokewa nyumbani kwa ndugu. Wengine walilala madarasani. Familia mbili hazikupata nyumba wala darasa. Zilibaki katika lori lililowaleta, ambalo injini yake ilikufa kando ya barabara, hatua mia mbili hivi juu ya chemchemi tunayoteka maji. Lori lile likawa nyumba. Turubai lilikuwa paa, mbao za sakafu zilikuwa kitanda, na nguo zilianikwa kwenye kamba iliyofungwa toka kioo cha dereva hadi mti wa mkaratusi.

Mmoja wenu akasimama akasema: «Watu wa njiani hawajui usafi. Wanafulia kwenye maji yetu.» Wengine wakapiga makofi. Mimi nikasema tuvumiliane, tukafunga mkutano kwa sala. Lilikuwa jibu la mvivu. Kusema «tuvumiliane» kulikuwa kulikubali shtaka bila kulichunguza, kana kwamba uchafu wao ni jambo lililokwisha kuthibitishwa, nasi tunaombwa tu kuufumbia macho. Mwalimu hapaswi kufanya hivyo. Yafuatayo ndiyo niliyopaswa kuwaeleza siku ile, ijapokuwa yasingeenea katika dakika kumi.

Shtaka lenyewe ni la zamani. Waswahili wa pwani wana msemo mfupi: msafiri kafiri. Maana yake ni kwamba aliye safarini hawezi kutimiza yote ayatimizayo mtu aliye kwake. Sala humpita, mfungo humpita, na mwili wake haupati matunzo uliyoyazoea. Msemo huo humpa msafiri udhuru, lakini ukiusikiliza vizuri unamdharau kidogo pia. Watu wa pwani walikuwa na sababu ya kuyafikiria mambo hayo, maana walijua safari ni kitu gani. Katika karne ya 19 misafara yao ilitoka Bagamoyo ikaenda Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaingia nchi yetu. Wapagazi walitembea miezi mingi wakiwa na mzigo begani, na wanawake waliofuatana nao walipika, walibeba vyombo na kuitunza kambi. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa merikebu, kilinunua chakula na ruhusa ya kupita katika nchi za watu. Hebu fikirini jambo hilo: mpagazi alibeba begani majora ya kitambaa kipya, na mwilini alivaa tambara.

Msafara mmoja ulipita karibu kabisa na kwetu. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliingia msitu wa Ituri akitokea upande wa mto Kongo. Alikuwa ametumwa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta lililokuwa chini ya Misri, ambaye vita vya Mahdi huko Sudani vilikuwa vimemtenga na dunia. Msitu uliwamaliza watu wa Stanley kwa njaa, vidonda na homa, ukawavua na nguo. Tarehe 29 Aprili 1888, kando ya Ziwa Albert, mwokozi na mwokolewa walikutana. Stanley mwenyewe ameeleza katika kitabu chake kwamba Emin alikuwa amevaa suti ya pamba nyeupe pepepe, iliyopigwa pasi vizuri na kumkaa sawasawa. Wenye matambara walikuwa waokoaji. Katika siku zilizofuata yule aliyekuja kuokolewa ndiye aliyewagawia waokoaji nguo na viatu.

Je, kati ya hao wawili ni nani aliyejua usafi? Swali hilo halina maana. Emin alikuwa gavana tangu mwaka 1878. Alikuwa na watumishi, pasi, maji ya karibu na uwanja wenye jua. Stanley alikuwa na njia tu. Na mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Tarehe 10 Aprili 1889 Emin na watu wake, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka pamoja na Stanley, jumla yao watu wapatao 1,500. Walishuka bonde la Semuliki chini ya theluji ya Ruwenzori, mashariki mwa Beni yetu ya leo, wakapita karibu na ziwa ambalo Stanley alilipa jina la mwana wa malkia wake na ambalo hata leo tunaliita Edward, kisha wakashika njia ya pwani. Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba. Kwa muda wa karibu miezi minane, watu waliokuwa wenyeji wa mahali wakawa watu wa njiani. Yeyote aliyewatazama wakipita Semuliki angeweza kusema maneno yale yale mliyosema ninyi juu ya familia za lori.

Mimi nilijifunza kufua safarini, au kufula kama tusemavyo sisi nyumbani, kwa mjomba wangu. Katika miaka ya 1980 alikuwa msaidizi wa dereva wa lori lililochukua maharage, viazi na vitunguu kutoka Butembo kwenda Kisangani, kwa njia ya Beni, Komanda, Mambasa, Epulu na Nia-Nia. Wakati wa likizo alinichukua mara moja. Leo mtu huhesabu safari kwa siku. Wakati ule, majira ya mvua, tulihesabu kwa majuma. Lori likizama katika tope, nyuma yake husimama la pili na la kumi, na wote hukaa hapo hapo, wanapika, wanalala, wanagombana na kupatana, mpaka njia ifunguke. Lori lilikuwa nyumba yetu kwa siku thelathini na moja. Nilikuwa na mashati mawili.

Mjomba alikuwa na dumu la plastiki la lita 20, bidoni la kawaida, alilolikata juu na kulitengenezea mfuniko wa ubao wenye kipande cha mpira wa gurudumu chini yake ili maji yasitoke. Asubuhi alitia maji, kiasi cha kufikia nusu tu, akakwangua sabuni kwa kisu, akatumbukiza nguo, akalifunga dumu nyuma ya lori kwa kamba za mpira. Siku nzima barabara ilifanya kazi yetu. Kila shimo lilikuwa pigo moja la kufua, na mashimo hayakupungua. Niliuliza kwa nini asijaze dumu mpaka juu. Alinijibu kwamba maji yasiyo na nafasi hayatembei, na nguo isiyotembea haitakati. Jioni nguo zilitoka safi kuliko mikono yangu ingeweza kuzifanya.

Niliamini kwamba mjomba ndiye aliyebuni jambo hilo, hata nilipokuwa katika chuo cha ualimu nikakuta kitabu cha John Steinbeck, mwandishi wa Marekani. Mwaka 1960 Steinbeck aliizunguka nchi yake katika gari lenye nyumba ndogo mgongoni, akiwa na mbwa wake, na mwaka 1962 alitoa kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka huo huo alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Humo anasimulia jinsi alivyotia nguo, maji na sabuni katika ndoo ya takataka yenye mfuniko, akaitundika ndani ya gari kwa kamba inayovutika, ikacheza njia nzima, na jioni akazisuuza nguo. Sidhani kama mjomba, ambaye hakusoma zaidi ya shule ya msingi, aliwahi kusikia jina la Steinbeck. Watu wawili wanaoishi ndani ya gari na wanaotaka shati safi huweza kufikia ndoo ile ile.

Lakini kutoa uchafu katika nguo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu ngumu ni mbili: maji ya kusuuzia, na mahali pa kuanika. Kila tuliposimama karibu na mto, mjomba hakushuka na dumu lake. Alishuka mikono mitupu, akatafuta mwanamke au mtoto wa pale, akauliza: «Mnateka wapi?» Alipoonyeshwa, alihesabu hatua kwenda upande maji yanakoelekea, kupita mahali pa kuteka, kupita mahali pa kuoga, na hapo ndipo alipomwaga povu lake. Mara moja msaidizi wa lori jingine alisuuza nguo zake juu ya mahali pa kuteka. Wanakijiji walikuja na fimbo, na malori yote kumi, ambayo mengine hayakuwa na kosa, yalinyimwa maji siku mbili.

Kuhusu kuanika, ninyi wa Lubero mnajua taabu yake. Tuko juu, karibu mita 2,000. Ukungu huondoka asubuhi ikiwa imekwenda sana, na katika miezi ya mvua manyunyu hurudi kabla shingo ya shati haijakauka. Mwenye nyumba huhamishia nguo zake jikoni, juu ya moto. Mwenye lori huzivaa mbichi. Ukishuka Beni au Semuliki kuna jua, lakini huko kuna inzi mmoja wa nchi za joto ambaye hupenda kutaga mayai kwenye nguo yenye unyevu, hasa iliyotandazwa majani au kuanikwa kivulini. Ukiivaa, buu lake huingia katika ngozi na kufanya jipu. Dawa ni pasi ya moto. Nyumba zina pasi ya makaa. Mjomba hakuwa nayo, basi hakuanika chini hata siku moja. Alifunga kamba juu kwenye jua kali, na shati lililokauka alilikunja na kuliacha siku nyingi kabla ya kulivaa. Katika mfuko wa plastiki, chini ya kiti cha dereva, alikuwa na shati jeupe ambalo halikuguswa na vumbi. Hilo lilikuwa la Jumapili, popote Jumapili itakapomkuta.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa watu ambao kukaa katika gari kwao si ajali ya njiani bali ni maisha ya vizazi. Uingereza wako Wagipsi, wanaoishi katika nyumba za magurudumu, zamani zikivutwa na farasi, siku hizi na magari. Wenyeji wa majumba wamewaita wachafu kwa mamia ya miaka. Mwanaanthropolojia Judith Okely alikaa nao, na katika kitabu chake cha mwaka 1983 alieleza aliyoyaona. Beseni la kuoshea vyombo vya chakula halitumiki kamwe kufulia nguo wala kunawia mikono. Kitambaa cha kukaushia sahani hakifuliwi pamoja na nguo za mwilini. Likikosewa, beseni huhesabiwa kuwa najisi, na hakuna sabuni itakayolirudishia usafi wake. Hutupwa au hupewa kazi nyingine. Na watu hao, walipowatazama wenyeji wa majumba wakinawa mikono na kuosha sahani katika sinki moja, waliwaona wao ndio wachafu.

Kilichowapungukia si kanuni. Kiliwapungukia bomba la maji na mahali palipo halali pa kusimama. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyozilazimisha serikali za mitaa kuwatengea viwanja. Mwaka 1994 wajibu huo uliondolewa. Anayefukuzwa kila juma hawezi kukausha blanketi.

Hata hivyo sitaki mdhani kwamba hofu yenu ilikuwa ya kijinga. Maji ya kufulia yanaweza kuua, na historia inajua mfano wake. Mwishoni mwa Agosti 1854, katika mtaa wa Broad Street jijini London, mama mmoja alimuuguza mtoto wake mchanga aliyekuwa akihara. Aliziloweka nepi zake, na maji akayamwaga katika shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Shimo hilo lilivuja, na kisima cha mtaa kilikuwa umbali usiofika mita moja. Watu zaidi ya 600 walikufa kwa kipindupindu. Daktari John Snow ndiye aliyekishuku kisima, na padri mmoja wa Kianglikana, Henry Whitehead, ambaye kwanza alimpinga, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba mpaka akagundua habari za zile nepi. Zingatieni kwamba mama yule hakuwa mtu wa njiani. Alikuwa na nyumba na anwani. Shimo ndilo lililokuwa mahali pabaya.

Na sisi wa Kivu hatuhitaji kwenda London. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda waliingia Goma katika siku chache, wakakaa juu ya mawe ya volkano ambayo hayachimbiki choo, wakanywa maji ya ziwa yasiyochemshwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Wapo waliosema hata wakati huo kwamba watu wale hawakujua usafi. Mtu atachimbaje shimo katika jiwe?

Basi turudi kwenye lori letu. Baada ya mkutano ule nilikwenda kuwatazama, kwa kuwa nilikuwa nimeona aibu kidogo, lakini si ya kutosha. Niliwakuta akina mama wawili na binti mmoja. Nilihesabu watu tisa na beseni moja. Sabuni yao ilikuwa nusu kipande. Mwongozo wa Sphere, unaofuatwa na mashirika ya misaada duniani, hukadiria gramu 200 za sabuni ya kufulia kwa kila mtu kwa mwezi, mbali na gramu 250 za kuogea. Kwa watu tisa ni karibu kilo mbili za kufulia peke yake. Walikuwa wamegawiwa sabuni mara moja, wakauza nyingi yake ili wapate unga. Sitawalaumu. Historia ya sabuni katika nchi hii imejaa watu waliokosa walichokitengeneza: tangu mwaka 1911 kampuni ya Mwingereza William Lever ilipewa maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo ya Wabelgiji, na mafuta yaliyochumwa kwa kazi za shuruti yalikwenda Ulaya kuwa sabuni.

Mmoja wa akina mama akaniomba jambo moja: aruhusiwe kuanika nguo chache nyuma ya ua wangu, upande usioonekana barabarani. Nilikataa. Nilimwambia kamba yao ya lori inatosha. Jioni nilimsimulia mke wangu, naye akaniuliza kama kweli nilisomea ualimu. Vitambaa ambavyo wanawake huvitumia kila mwezi, alisema, haviwezi kuanikwa kwenye kamba iliyofungwa barabara kuu, mbele ya madereva na askari. Kwa hiyo wale wanawake walikuwa wakivifua usiku na kuvificha chini ya turubai, na katika baridi yetu havikukauka, wakavivaa vibichi. Wasichana wetu wanajua maumivu yanayotokana na jambo hilo. Wavulana, nanyi mna umri wa kulijua. Asubuhi nilikwenda kuomba radhi. Yule mama akanijibu, «Si kitu, mwalimu, ulikuwa hujui,» na jibu hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Tena, nilipomuuliza juu ya chemchemi, aliniambia kwamba siku ya kwanza aliuliza watu wanateka wapi, na kijana mmoja akamwonyesha bomba, kisha akaondoka kabla hajauliza wanafulia wapi. Ukweli ni kwamba hapakuwa na mahali. Sisi wenyewe tulikuwa tukifulia nyumbani na kumwaga maji uani, na hatukuwahi kuwa na haja ya kupanga. Chemchemi yetu ilijengwa kwa ajili ya kuteka tu.

Mnajua yaliyofuata, kwa kuwa baadhi yenu mlishika majembe. Jumamosi mbili tulichimba mfereji unaochukua maji yanayopita bomba, tukaushusha hatua arobaini chini, mbali na wanakotekea, na mwishoni tukachimba shimo la mawe madogo ili povu linywewe na ardhi. Wale akina mama walichagua wenyewe mawe bapa matano kutoka mtoni, wakayapanga kwa kimo ambacho mgongo hauumii. Sisi wanaume tulikuwa tumeyaweka chini mno. Uzio wa matete ulizungushwa upande mmoja, na ndani yake kamba. Yule kijana aliyesema maneno yale katika mkutano alibeba jiwe kubwa kuliko yote. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Lori lilitengenezwa mwezi wa Oktoba. Waliondoka alfajiri kuelekea Butembo, na kwa kuwa walikuwa wamefua jana yake, nguo zilikuwa bado mbichi. Walizifunga juu ya turubai zikapepea mpaka kwenye kona. Uzio umeoza sasa na unataka matete mapya. Mawe yapo. Alhamisi iliyopita nilipita pale nikawakuta wasichana watatu wa mtaa wetu, mabeseni yao juu ya mawe, wakifua na kucheka, na kamba imejaa.